Mwaka wa Five Nine

Kariuki alinipigia simu nikiwa jikoni nachambua sukuma, na hakuanza na salamu. "Chebet, mlingoti unashuka Jumamosi. Mama Nafula amesema tuje sisi wenyewe, hataki mafundi wa kukodisha." Nilimwuliza kwanza kama yeye ni mzima, maana mtu wa umri wetu akiruka salamu ujue kuna jambo. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Five nine," akasema. Nami nikacheka, halafu nikajikuta nimekaa kitini na bakuli la sukuma mapajani. Neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe tulimzika mvua za masika zilipoanza. Mlingoti wa redio ulikuwa wake, na mkewe, Mama Nafula, alikuwa anahamia kwa binti yao Kitale. Tena yule jirani aliyejenga ghorofa pale palipokuwa shamba la mahindi alikuwa amelalamika kwamba chuma kile kikianguka kitaanguka kwenye kamba za nguo za wapangaji wake. Hapo alikuwa na haki.

Sitaeleza nilitoka nyumba gani wala nilifikaje Nakuru, hayo yana mahali pake. Inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, karani katika ghala la nafaka kule Rongai, na nilipanga chumba cha nyuma kwa Mzee Barasa, Kiamunyi, wakati Kiamunyi ilikuwa bado mashamba na nyumba moja moja. Jumamosi yangu ya kwanza niliamshwa na sauti ya mwanamume upande wa pili wa ukuta. Alikuwa akitaja majina kwa Kiingereza, Kilo, Lima, Oscar, Romeo, anatulia, anayarudia, kama mtu anayeita watoto shuleni na hakuna anayeitika. Nilivaa nikaenda jikoni, nikamkuta mkewe anamenya viazi. Nilimwuliza mzee anaongea na nani. Mama Nafula hakuinua macho. "Anaongea na watu wasiomjua," akasema. "Sisi tunaomjua tuko hapa jikoni."

Ndivyo nilivyoingia katika mambo ya redio. Mzee Barasa alikuwa amestaafu kutoka reli, kitengo cha ishara, na alikuwa na leseni ya kuzungumza hewani kwa kujifurahisha tu, bila biashara wala habari za serikali, na mtu yeyote duniani mwenye leseni kama yake. Chumba cha redio kilikuwa stoo. Upande mmoja kulikuwa na magunia ya maharagwe na majembe, na upande wa pili kulikuwa na meza, betri ya gari ya kushikilia stima ikipotea, na redio yenyewe, ambayo haikuzidi ukubwa wa sufuria ya ugali wa watu wanne. Kipaza sauti kilivalishwa soksi ya mtoto kuzuia vumbi. Tulikalia benchi refu la mbao lililowahi kuwa la abiria stesheni, gumu kupita maelezo, na ukutani palikuwa na ramani ya dunia ambayo chai ilikuwa imemwagikia Bahari ya Atlantiki yote. Mpaka leo nikisikia harufu ya maharagwe makavu na waya uliopata moto, mwili wangu unakaa wima wenyewe, kama niko kwenye lile benchi.

Klabu yetu ilikuwa watu watatu. Wa tatu alikuwa Kariuki, kijana wa kutengeneza redio na televisheni mjini, ambaye ndiye aliyeunganisha mabomba ya maji yakawa mlingoti na kupanga vyuma vya antena juu yake. Alikuwa akipanda kule juu bila kushikilia vizuri, anapiga mluzi, na Mama Nafula alikuwa anageuza uso kila mara. Kazi yetu kubwa ilikuwa mashindano. Wikendi moja kwa mwaka, watu wa redio dunia nzima hukaa mezani na kujaribu kuwapata wenzao wengi iwezekanavyo, na katika nchi nyingi iwezekanavyo. Ukimpata mtu, mnabadilishana mambo matatu tu. Kwanza jina lake la redio, ambalo ni herufi na tarakimu. Pili, ripoti ya jinsi unavyomsikia. Tatu, namba ya zamu, yaani huyu ni mtu wako wa ngapi. Halafu unamwachilia, unamwita mwingine. Mashindano yakiisha kila mtu hupeleka orodha yake, waamuzi wanazilinganisha, na ukikosea herufi moja ya jina la mtu, huyo mtu unanyang'anywa.

Kwa hiyo Mzee alitufundisha herufi kwanza, maana hewani kila herufi huitwa kwa neno lake, R ni Romeo, L ni Lima, na alitufundishia jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Hapo ndipo kila mmoja alipojulikana kwao ni wapi. Kariuki alikuwa akisema Lomeo na Rima. Mimi Bravo ilinitoka Prafo, hata nijikaze vipi. Mzee mwenyewe, mwalimu wetu, alisema Fictor na hakuna aliyethubutu kumwambia, isipokuwa mkewe, aliyemwambia kila siku. Tulirudia mpaka ndimi zikanyooka, na kabla ya mwezi kuisha Mama Nafula alikuwa amezishika zote kutushinda. Chai ilianza kuitwa Charlie. "Charlie iko tayari," anaita kutoka mlangoni, "na Uniform," maana yake ugali.

Mwaka ule haukuwa mwaka wa kawaida, na hili ni lazima nilieleze vizuri kwa sababu ndilo lililotutia wazimu. Bendi tuliyotumia hutegemea jua. Kila baada ya miaka kumi na kitu jua linapata madoa mengi, na madoa yakiwa mengi, redio ndogo yenye nguvu ya balbu inasikika Japani asubuhi na Amerika jioni. Madoa yakipungua bendi inalala, na inaweza kulala miaka. Jua likizama pia inalala, kwa hiyo mashindano yetu yalikuwa ya mchana, na usiku tulilala kama Wakristo wengine. Mwaka ule madoa yalikuwa kileleni. Na Mzee Barasa alikuwa amefanya hesabu ya umri wake. "Hili ndilo jua langu la mwisho," alituambia tukinywa chai, bila huzuni yoyote, kama mtu anayesema basi la mwisho liko saa ngapi. "Likirudi tena nitakuwa chini ya udongo. Kile kibao nataka kukiona mwaka huu."

Kibao chenyewe kilikuwa cha mbao, chenye bati la dhahabu ya uongo, na kilipewa klabu ya kwanza Afrika katika kundi la wanaotumia nguvu ndogo. Mzee alikuwa amekitamani tangu akiwa kazini. Klabu moja ya kusini mwa bara ndiyo iliyozoea kukichukua. Alivyokitaja mara kwa mara, Mama Nafula alichoka. "Kibao, kibao. Nitakupa kibao mimi, ukione vizuri," na alikuwa ameshika mwiko. Lakini mimi nilikitaka kuliko Mzee. Alikuwa amenipa kiti katika chumba chake bila kuniuliza nimesoma nini, mimi msichana mpangaji, na kitu pekee nilichomwona akikitamani kilikuwa hicho. Nililala nikikiwaza na kuamka nacho.

Shida ilikuwa Mzee mwenyewe. Ile ripoti ya pili, ya jinsi unavyomsikia mtu, ni tarakimu mbili. Ya kwanza inasema unamwelewa kiasi gani, moja hadi tano, na ya pili inasema sauti yake ina nguvu kiasi gani, moja hadi tisa. Five nine ni safi kabisa, yaani kama yuko nawe mezani. Sasa katika mashindano dunia nzima imezoea kumpa kila mtu five nine, hata yule unayemsikia kama mbu ndani ya chupa, kwa sababu inaokoa muda na haihesabiwi pointi. Mzee Barasa alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa ishara za reli. Mwaka uliotangulia alikuwa amekaa kwenye kipaza sauti siku mbili akimwambia kila mtu ukweli. Three three. Four five. Two two, pole sana. Kariuki alinisimulia kwamba Mtaliano mmoja alimtaka arudie mara nne, hakuamini masikio yake, mpaka akaudhika na kuondoka. Walikuwa wa mwisho mwisho huko.

"Mzee, kila mtu anasema five nine," Kariuki alimsihi.

"Kila mtu hakufanya kazi ya ishara," Mzee akajibu. "Mimi nikimwambia dereva njia iko wazi, ilikuwa wazi. Singemwambia iko wazi kwa sababu madereva wote wamezoea kusikia hivyo."

"Lakini hapa hakuna treni."

"Kuna neno langu."

Kariuki akaniangalia, mimi nikaangalia dari. Tulijua kwamba mwaka ule nitakaa mimi kwenye kipaza sauti, maana sauti yangu ilipenya kelele kuliko zao, na kwamba nitafanya kazi hiyo kwa leseni yake na yeye akiwa amekaa kando yangu. Nikisema five nine ya kubuni angeweza kunizimia redio pale pale. Nilimheshimu sana Mzee, lakini siku hizo nilitamani kumtikisa mabega.

Wokovu ulitoka jikoni. Ilikuwa asubuhi ya baridi, tunakula chapati, na Mama Nafula alikuwa ameumwa mgongo wiki nzima. Alikuwa amelala akilalama, ameamka akilalama, Kariuki ametumwa mjini kuleta dawa ya kuchua. Ndipo Mama Wambui, jirani wa ng'ambo ya barabara, akaja mlangoni na kibuyu cha maziwa. Huyu naye ng'ombe wake mkubwa alikuwa amekufa Jumanne, mtaa mzima ulijua.

"Habari ya asubuhi, Mama Nafula?"

"Mzuri sana. Habari ya kwako?"

"Mzuri tu. Watu wa huku wako salama?"

"Salama kabisa, tunashukuru."

Wakapeana maziwa, wakaagana. Halafu Mama Wambui alipofika langoni akageuka na kusema yule ng'ombe amemmaliza, na Mama Nafula akasema mgongo utamuua, na wakasimama pale nusu saa. Mimi nilikuwa nimeacha kutafuna. Nilimgeukia Mzee. "Mzee, hawa wamedanganyana?"

"Nani?"

"Mama na Mama Wambui. Mmoja mgonjwa, mwingine amefiwa na ng'ombe, na wote wamesema mzuri."

Mzee alikata chapati yake vipande vidogo vidogo, kazi ambayo hakuwa na haja ya kuifanya. "Hiyo ni salamu," akasema mwishowe. "Mtu hapimwi kwa salamu. Ukweli unakuja baadaye, langoni."

"Na five nine?"

Mzee alivaa kofia akaenda shambani, na siku nzima tulimwona akitembea kati ya mistari ya mahindi, anasimama, anaendelea. Jioni, baada ya maombi na kabla ya chakula, alikohoa. "Nimefikiri," akasema. "Salamu tutawapa. Kila mtu five nine, tusiwe watu wa kunyima salamu. Lakini jina ni jina na namba ni namba. Mtu asiandike herufi ambayo sikio lake halikuleta. Asibahatishe, asiulize jirani, asipigie mtu simu. Tumeelewana?" Tulielewana. Kariuki alikuwa na furaha hata akajaribu kumshawishi kwamba kuna rafiki yake mwenye mtambo wa kuongeza nguvu, uko ndani ya gunia tu, hakuna atakayejua. Mzee alimwangalia mpaka Kariuki mwenyewe akasema, "Basi, ilikuwa tu wazo."

Wiki ya mwisho tuliimaliza tukipigana na kelele. Redio ilikuwa na mlio wa tik, tik, tik usiokoma, na Kariuki akaapa kwamba unatoka kwa seng'enge ya stima ya jirani mfuga ng'ombe. Tulitembea kando ya ule waya wote, watu watatu mstari mmoja, Kariuki mbele na redio ndogo sikioni, mpaka tukakuta bua la mahindi limeegemea waya na linatoa cheche. Jirani alitutazama kutoka kwenye zizi lake. "Mnatafuta nini, boss?" akamwuliza Kariuki. "Kelele," Kariuki akamjibu. Yule bwana akaitikia kwa kichwa kwa upole, jinsi unavyomwitikia mtu ambaye hutaki kumchokoza. Kuhusu posho mill, mashine ya kusaga mahindi pale mtaani, ambayo motor yake ilitupigia mngurumo masikioni, Mama Nafula ndiye aliyekwenda. Sijui alimwambia nini mwenye mashine, ila Jumamosi ile haikusaga hata debe.

Asubuhi ya mashindano jua lilitoka upande wa Bahati, bendi ikafunguka, na mimi nikaharibu mambo mara moja. Mjapani wa kwanza aliponiitikia, nilimpa five nine na namba yangu, na kabla sijajizuia nikamwuliza hali yake. Mdomo ulizoea. Ungemwambiaje mtu uko salama usimwulize yeye? Bwana wa watu akaniambia hajambo, mvua inanyesha kwao, na akaniuliza kwetu je. Nikamwambia kwetu kuna jua. Nyuma yake watu kumi walikuwa wanapiga kelele wakingoja zamu. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Chebet, salamu mara moja inatosha. Huyu hakuja kukaa." Ilinichukua saa nzima kujifunza kuwa mkali, na hata hivyo waliosikiliza vizuri siku ile watakuwa walisikia msichana wa Afrika Mashariki akimeza "how are you" kila baada ya namba.

Baada ya hapo tuliruka. Sina njia nyingine ya kusema. Asia asubuhi, Ulaya mchana, sauti juu ya sauti kama soko siku ya kufunga shule, mimi naita, Kariuki anaandika, Mzee amefumba macho anasikiliza kwa masikio ya pili na kuinua kidole nikikosa herufi. Mama Nafula alileta mukimo wa viazi na mahindi aliotuma mama yake Kariuki, na mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, niliyoletewa kutoka nyumbani, na akasimama mlangoni na sufuria akisikiliza, ingawa alisema amesimama kwa sababu ya mgongo. Jumapili mchana tuliwasikia wale wa kusini wakimpa mtu namba yao ya zamu. Ilikuwa mbele ya yetu kidogo tu. Mzee alifumbua macho. Kariuki alianza kutikisa mguu na benchi zima likatikisika nasi.

Jua lilikuwa linakaribia milima ya Mau, na bendi inafifia, niliposikia kisiwa. Kilikuwa kisiwa kidogo cha Karibea, nchi ambayo hatukuwa tumeipata na ambayo ingetupandisha juu ya wale wa kusini, kwa sababu kila nchi mpya inazidisha pointi zote. Nilimwita, akanisikia. Akanipa five nine na namba yake, na jina lake nikalipata lote isipokuwa herufi ya mwisho. Ilikuwa imezama. Nikamwomba arudie, akarudia, ikazama. Nikamwomba tena. Sauti yake ilikuwa inaondoka kama mtu anayetembea huku anaongea. Ndipo simu ya Kariuki ikalia ule mlio wa ujumbe, na nikamwona amesoma na uso wake umebadilika. Alikuwa na rafiki Nairobi aliyekuwa akisikiliza bendi ile ile kwa antena kubwa, na rafiki yule, bila kuombwa na mtu, alikuwa ametuma jina la kisiwa.

"Chebet," Kariuki akasema taratibu. "Ninayo hapa. Ile herufi."

Mzee alikuwa ametoka kwenda kufunga kuku. Tulikuwa wawili, na yule mtu wa kisiwa, na simu. Nataka niseme ukweli wa moyo wangu: sikuwaza sheria. Niliwaza jua la mwisho la Mzee, na jinsi angekishika kile kibao kwa mikono miwili. Halafu nikamkumbuka akitembea kati ya mahindi siku nzima kwa ajili ya neno moja dogo la salamu, na nikajua kwamba kibao chenye herufi ya kuletewa hangekishika, na kama angekishika bila kujua, mimi nisingeweza kumtazama akikishika.

"Usiniambie," nikasema.

"Chebet."

"Geuza simu, Kariuki. Usiniambie."

Aliigeuza juu ya meza kwa nguvu, kama mtu anayecheza karata. Nikaita tena, na tena, na mara ya mwisho nikasikia upepo wa bendi tu. Mzee aliingia akinuka kuku, akaona karatasi yenye jina lisilo na mkia, akaiona simu iliyolala kifudifudi, na akakaa. Alichukua kalamu mwenyewe, akapiga mstari juu ya lile jina, polepole, halafu akaniwekea mkono kichwani kidogo, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kabla ya hapo wala baadaye.

Tulikuwa wa pili. Matokeo yalipotoka, miezi kadhaa baadaye, Kariuki aliyaleta kutoka saiba, kule kwenye intaneti mjini, akiwa amekunja karatasi mfukoni, na uso wake ulitosha. Pengo lilikuwa dogo kiasi kwamba kisiwa kimoja kingeliziba na kubaki. Mzee aliisoma karatasi mara mbili, akavua miwani, na mimi nikajiandaa kulia. Badala yake alianza kucheka. "Wa pili," akasema. "Wa pili, na kila jina tulilopeleka limekutwa sawa. Hata moja hawakutunyang'anya. Mnaona?" Akampelekea mkewe jikoni amwonyeshe. Mama Nafula alisoma, akafuta mikono, akaondoa unga kwenye kibao chake cha kusukumia chapati, akakiosha, akakikausha, na kuja kukiweka mbele ya mumewe. "Kibao ni hiki," akasema. "Sasa nyumba ipate amani." Kariuki akapasha chuma chake cha kulehemu na akauliza aandike nini. Mzee akasema andika kilichotokea. Kwa hiyo ikachomwa pale, kwa herufi za kwenda upande: WA PILI AFRIKA.

Kilining'inia juu ya redio miaka yote. Bendi ililala, ikaamka, ikalala. Mzee, aliyekuwa na uhakika wa jua lake la mwisho, aliona madoa yakirudi mara moja, na yakirudi mara ya pili mwaka jana, na kila mara alituomba radhi kwa kukosea hesabu. Mimi niliacha ghala, nikasomea mitambo, nikapata leseni yangu. Mara ya mwisho tuliyoongea alikuwa hospitali na mimi nilikuwa kazini, simu ilikuwa mbaya, na nilimwuliza habari yako Mzee. "Five nine, mwanangu," akasema. Ni yeye aliyesema, yule mtu wa three three. Nilishika simu nikijua alichonipa ni salamu na si kipimo, na nikampa yangu, five nine Mzee, na nikalia baadaye nikiwa garini.

Jumamosi hiyo tulifika Kiamunyi asubuhi. Kariuki ana goti bovu sasa na wajukuu wanne, na alikuwa amekuja na wapwa zake wawili wa kufanya yale aliyokuwa akifanya akipiga mluzi. Harufu ya chapati ilitupokea langoni. Jikoni nilimkuta Mama Nafula, mdogo, amejikunja, anasukuma unga, na nikatambua kile alichokuwa akisukumia. Alikuwa amekitoa ukutani, amekigeuza. "Mama, si hiki ni kibao cha Mzee?" nikamwuliza. "Ni changu," akasema. "Nilimwazima. Na usidhani alikuwa hajui. Kila Krismasi nilikitoa, nikakirudisha kabla hajaamka." Nilimwuliza hali yake. "Mzuri sana," akasema, kisha akaninyooshea kidole chenye unga. "Langoni nitakuambia."

Tulikula kwanza. Halafu Kariuki akasimama chini ya mlingoti na spana, na mpwa mmoja ameshika waya wa kuushushia, na Mama Nafula akaletewa kiti mlangoni pa stoo. "Mwite mtu mmoja kwanza," akaniambia. "Mlingoti hauwezi kushuka bila kuaga." Redio bado iliwaka. Nikavua soksi kwenye kipaza sauti, nikaita kwa jina langu la redio, nikaita tena, na kutoka mbali sana, chini ya mvumo, akaitikia mwanamume mzee wa Ureno. Alinipa five nine upesi, kama watu wote. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe. Haikuwa siku ya mashindano, hakuna aliyengoja nyuma yake, na sikuwa na sababu ya kuharakisha. Nikamwambia three three.

Aliporudi alikuwa anacheka. Alisema upepo uliangusha antena yake miezi iliyopita, ameirekebisha mara tatu, na kila amwulizaye humwambia five nine, na yeye amekaa pale bila kujua kama imepona. Alinishukuru mara mbili. Basi, akasema, na yeye aniambie ukweli: hata mimi ni three three, tena kwa shida.

"Amesema nini?" Mama Nafula akauliza kutoka mlangoni.

"Amesema anatusikia kwa shida, Mama."

"Lakini anatusikia?"

"Anatusikia."

Alikung'uta unga kwenye leso yake na kumwangalia Kariuki. "Haya," akasema. "Shusheni."